Viatu vya mieleka Dodoma: kuosha, kukausha na kuvitunza vidumu

Kiatu cha mieleka si raba, na ukikifua kama raba kitaachia soli hata hujakizoea vizuri. Mpira wake wa chini ni mwembamba, na kwenye viatu vingi umekatwa vipande viwili, cha mbele na cha kisigino, ili unyayo ujikunje unapopiga goti au kumsukuma mwenzako. Juu ni neti na swedi ya kiwandani, yaani ngozi bandia yenye vinyweleo laini. Shingo inapanda mpaka juu ya kifundo cha mguu, na hakuna chuma popote. Kinachoshika vyote hivyo pamoja ni gundi na mishono michache. Kwa hapa Dodoma, mazoezi siyo yanayoiua hiyo gundi. Inauawa na kulowekwa usiku kucha kwenye beseni, kuanikwa juu ya bati saa nane mchana, na kutembezwa kutoka ukumbini hadi kituo cha daladala.

Bondia mwenye viatu vya ngumi naye afuate hatua hizihizi, na pia yule aliyenunua vya mieleka akavitumia ulingoni kwa sababu ni vyepesi. Viatu vya ngumi vina shingo ndefu zaidi, kwa hiyo vinachelewa kukauka. Zaidi ya hapo hakuna tofauti kubwa.

Kiatu kisiguse ardhi ya nje

Hii inaokoa viatu kuliko sabuni yoyote. Nenda mazoezini na ndala, vaa viatu vya mieleka ukiwa umekaa pembeni mwa mkeka, na ukitaka kwenda chooni au kunywa maji, vivue. Sababu ya kwanza anaijua kila aliyewahi kukatiza kiwanja cha Dodoma wakati wa kiangazi: mbigili. Sehemu ya katikati ya soli ni nyembamba mno, wakati mwingine ni kitambaa kitupu, na mwiba wa mbigili unaipenya bila shida. Ukiuvuta unaacha tundu la kupitisha maji. Usipouona, unaingia nao mkekani na kutoboa turubai, au goti la mwenzako.

Sababu ya pili ni vumbi. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa dona uliochekechwa, linajaa kwenye mistari ya soli na mpira unaanza kuteleza. Watu wengi hudhani soli imeisha kumbe imechafuka tu. Vumbi hilohilo likiingia kwenye neti linafanya kazi ya msasa: kila kiatu kinapojikunja, punje zinakata nyuzi kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa neti inatoboka pale pembeni ya kidole kidogo bila mtu kujua imegusa nini.

La tatu halihitaji maelezo marefu: soli iliyokanyaga choo itakanyaga mkeka, na mkekani ndipo unapoweka shavu lako.

Kama mnatandika turubai juu ya magodoro, wekeni pembeni kitambaa chenye unyevu wa maji na tone la sabuni, kila mtu afute soli kabla ya kupanda. Kitambaa hicho kifuliwe kila siku, la sivyo kinageuka kuwa cha kusambaza uchafu.

Dakika tano baada ya kila zoezi

Kazi kubwa iko hapa, siyo kwenye kufua. Anayefanya haya kila siku anaweza kufua viatu mara moja tu kwa mwezi au miezi miwili. Asiyefanya atajikuta anafua kila wiki, na kila mfuo unakula gundi.

Fungua kamba mpaka tundu la chini. Usivue kwa kukanyaga kisigino cha kiatu kimoja kwa mguu mwingine. Kisigino kina kipande kigumu ndani kinachoushika mguu, na kikishavunjika hakirudi. Vuta ulimi mbele mpaka mdomo wa kiatu uachame. Soli ya ndani kama inatoka, itoe. Kwenye viatu vingi vya mieleka imegandishwa, kwa hiyo ukihisi inagoma iache, ukiing'oa kwa nguvu utaing'oa na sponji ya chini yake. Futa ndani kwa kitambaa kikavu, hasa pale mbele chini ya vidole, maana jasho lote huteremkia huko. Futa soli kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha viache wazi kivulini penye upepo.

Viatu vyenye jasho visifungwe ndani ya begi wala mfuko wa plastiki. Chukua ule mfuko wa neti wa vitunguu, uoshe, weka viatu humo na uuning'inize nje ya begi. Haugharimu kitu, na kwa hewa kavu ya kiangazi cha Dodoma viatu vinaanza kukauka ukiwa bado njiani. Ukivifungua vizuri nyumbani, asubuhi vinakuwa vimekauka. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, usitegemee hivyo. Mwenye mazoezi asubuhi na jioni anahitaji jozi mbili za kupokezana kama anazimudu, na asiyezimudu abadilishe soksi nene za pamba kila zoezi ili jasho liishie kwenye soksi.

Ukiwa na spiriti ya asilimia 70 kwenye chupa ya kupulizia, puliza mara tatu nne ndani ya kila kiatu baada ya kufuta, siyo kabla, kwa sababu haipenyi uchafu. Usikimbilie ile ya asilimia 95 au 99 ukidhani ndiyo kali zaidi. Inaruka haraka mno, na maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kuingia kwenye bakteria na kuwaua. Kitakasa mikono cha maji kinafaa kama lebo inasema 70. Cha jeli kinaacha utelezi unaonata. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha nyuma ya ulimi, kwani kuna swedi zinazoachia rangi zikikutana na spiriti.

Maji yetu na sabuni

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa ni ya visima. Mji unategemea visima virefu vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na mitaa mingi inaongezea visima vyake ambavyo vingine vina chumvi hasa. Maji magumu namna hii yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana nayo povu haliji, badala yake unatokea utando mweupe usioyeyuka, ule unaobaki umeganda ukingoni mwa beseni ukishamwaga maji. Utando huo ukiingia kwenye neti ya kiatu na kukauka, kitambaa kinakakamaa na kunasa vumbi. Kiatu kilichofuliwa Jumamosi kinaonekana kichafu Jumatatu, mwenye kiatu anaongeza sabuni ya mche, na mambo yanazidi kuharibika.

Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Haigandi kwenye maji magumu na haina ukali mkubwa. Sabuni ya unga inashika nafasi ya pili: iyeyushe kwanza kabisa kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu punje zisipoyeyuka hujificha kwenye mishono na kuwasha ngozi mguu ukitoa jasho. Magadi hapana. Kuna wanaoyatia kwenye maji ya kufulia ili povu lije, na kwa mashuka yanasaidia, ila kwenye kiatu yanakausha ngozi na kulegeza gundi. Jiki nayo isiguse kitambaa cha kiatu. Inakula nailoni na nyuzi za kuvutika, na neti nyeupe badala ya kung'aa inageuka manjano.

Maji ya kusuuzia mara ya mwisho yawe laini kadiri unavyoweza: ya mvua uliyokinga, au lita moja ya maji ya dukani. Lita moja inatosha jozi nzima kwa sababu utasuuza kwa kitambaa, siyo kwa kumwagia. Siki nyeupe, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, inayeyusha utando wa sabuni na chumvi uliokwisha kuganda. Angalizo moja zito: siki isikutane na jiki kamwe, hata kwenye beseni ambalo halijasuuzwa. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kufua kwenyewe

Andaa lita mbili za maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, beseni la pili la maji safi, mswaki laini, brashi ngumu ya soli, vitambaa viwili vya pamba vyeupe na taulo. Vyeupe kwa sababu khanga kuukuu ikiloa inaweza kuachia rangi kwenye neti. Kuhusu joto, mkono ukae majini bila kushtuka. Ukiuondoa haraka, maji hayo ni ya moto mno kwa gundi.

Anza bila maji. Gonganisha soli kwa soli nje, kisha brashi kiatu kizima kikiwa kikavu, swedi ukiipeleka upande mmoja. Watu hupenda kuruka hatua hii, na hii ndiyo inayotofautisha kufua na kupaka tope: vumbi jekundu likiloweshwa kabla ya kuondolewa linapenya neti na kubaki humo kama rangi.

Toa kamba zote, ziloweke kwenye kikombe cha maji ya moto yenye sabuni kwa dakika 15. Kamba hazina gundi, zinavumilia. Kama kiatu kina kile kifuniko cha velkro cha kufichia kamba, chomoa kwanza nyuzi na nywele zilizonasa kwa sindano au mswaki mkavu, halafu kifunge. Velkro ikiachwa wazi wakati wa kusugua inakwangua swedi.

Osha soli kwanza. Shika kiatu soli ikitazama juu, tumia brashi ngumu na maji kidogo, pitia kila mstari, futa. Ukiosha juu kwanza, tope la soli litakurudishia kazi.

Sasa upande wa juu. Chovya mswaki laini, ukung'ute mpaka uache kudondosha, sugua kwa miduara midogo eneo lisilozidi kiganja. Povu la kwanza litakuja la rangi ya matofali. Lifute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, usilisubiri, kwani povu likikauka linaurudisha uchafu mahali pake. Rudia hapohapo. Povu la pili huwa la kijivu, na linapokuja jeupe hamia kiganja kinachofuata. Ukilazimisha zaidi ya hapo unachanua nyuzi bure. Swedi isuguliwe kidogo kuliko neti, na ikishakauka ibrashiwe tena kuinua vinyweleo vyake.

Ndani usimwage maji. Funga kitambaa chenye sabuni kwenye mpini wa mswaki, kikamue, sugua kuta na sakafu ya kiatu, kisha pitia na kitambaa cha maji matupu. Sponji iliyo chini ya soli ya ndani ikinywa maji inayashika siku tatu nne, na harufu uliyokuwa unaikimbia inarudi imekomaa.

Suuza kwa kitambaa kilichokamuliwa, mara tatu, ukibadilisha maji. Mara ya pili tumia maji ya siki, ya mwisho maji laini matupu. Kisha kandamiza neti kwa dole gumba: vipovu vidogo vikitokea pembeni ya kidole, sabuni bado imo. Malizia kwa kuvingirisha kiatu kwenye taulo na kukiminya. Usikisokote.

Mashine ya kufulia inakunja soli kuelekea ambako haikuumbwa kukunjika na kukigonga kiatu kwenye ngoma. Hata ikiwekwa kwenye maji baridi hatuishauri. Na kuloweka ni vibaya zaidi, kwa sababu maji yanatafuta ule mwanya wa pua ya kiatu ambako mpira umepanda juu ya kitambaa. Hapo ndipo kiatu kinapojikunja zaidi, ndipo gundi ilipochoka zaidi, na ndipo soli inapoanza kuchungulia.

Kukausha

Jaza kiatu karatasi nyeupe mpaka pua isimame bila kutuna. Gazeti linanyonya vizuri, ila wino wake unahamia kwenye kitambaa cheupe, kwa hiyo livingirishie karatasi ya chooni kwanza. Badilisha karatasi baada ya saa moja, kisha tena baada ya saa tatu hivi. Laza kiatu kwa ubavu barazani, kivulini, upepo upite pande zote. Miezi ya Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma unakausha kweli lakini unabeba vumbi. Funika kwa kipande cha chandarua cha zamani, hewa ipite na vumbi libaki nje. Siku moja hutosha kiangazi. Wakati wa mvua hesabu mbili, au weka feni umbali wa mita moja hivi.

Kama kiatu ni cheupe, kivishe karatasi ya chooni kwa nje kikiwa bado kibichi, ishike kila mahali, na uiache mpaka ikauke yenyewe. Maji yanapotoka kwenye kitambaa husafiri na mabaki ya sabuni na chumvi, na huyaacha pale yanaporukia hewani. Bila karatasi, mahali hapo ni neti yako, ndipo unapata michirizi ya manjano. Ukiwa na karatasi, umanjano unabaki juu yake. Ukiibandua utauona.

Jua la moja kwa moja, bati, jiko la mkaa, mgongo wa friji na pasi: vyote hapana. Joto linalainisha gundi huku mpira ukikakamaa, na kwa kuwa kimoja kinasinyaa tofauti na kingine, vinaachana. Hoja ya kwamba jua linaua vijidudu ina ukweli, lakini kwa kile tu ambacho jua linakiona. Ndani ya pua ya kiatu haliingii.

Kujua kama kimekauka, ingiza mkono mpaka vidole viguse mwisho wa pua. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji, hata kama kitambaa hakilowanishi mkono.

Damu, chumvi na alama nyeusi

Damu inaoshwa kwa maji baridi. Maji ya moto yanaipika ikashikana na nyuzi. Vaa glavu, kandamiza kwa kitambaa cha maji baridi bila kusugua, halafu kama doa limebaki dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Itachemka povu. Futa baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu ikikaa inaweza kufifisha rangi. Damu iliyodondoka mkekani inafutwa kwanza, kisha mahali hapo panapakwa jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inaachwa dakika 10, halafu panafutwa kwa maji matupu kabla mtu hajakanyaga. Mchanganyiko huo uwe wa siku hiyohiyo, ukilala unapungua nguvu.

Mistari myeupe inayobaki jasho likikauka ni chumvi. Maji ya siki ya kipimo kilekile yanaitoa. Alama nyeusi za soli za wengine kwenye ngozi ya kutengeneza hutoka kwa kifutio cheupe cha penseli.

Harufu, fangasi na choa

Jasho lenyewe karibu halinuki. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaolila, na bakteria wanataka unyevu na joto. Ndiyo maana kukausha kunashinda manukato yote. Kwa kiatu kilichokwisha kunuka, nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha baking soda ndani ya kila kimoja, ilale usiku, asubuhi kung'uta na ufute. Mara moja kwa wiki inatosha. Ukiweka kila siku bila kuitoa, inakutana na jasho na kuwa uji. Vipande vikavu vya mkaa ndani ya soksi ya zamani navyo husaidia kunyonya unyevu, na hapa kwetu mkaa haukosekani. Poda ya mtoto inafunika harufu kwa nusu saa, basi.

Fangasi ni suala jingine. Dalili ni kuwasha kati ya vidole, ngozi kuwa nyeupe na kubanduka. Mbegu zake zinaweza kukaa kwenye kiatu miezi, kwa hiyo ukitibu mguu ukaacha kiatu, mguu utaambukizwa upya na kiatu chako mwenyewe. Vitibu pamoja. Krimu ya klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na unaendelea hata kuwasha kukiisha. Mfamasia akuelekeze muda. Kipindi hichohicho weka poda ya fangasi ndani ya viatu kila baada ya kuvikausha. Soksi za pamba zichemshwe, au zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 na kupanda. Kuviweka viatu kwenye friza, jambo linalosambazwa sana mitandaoni, hakuwaui fangasi, kunawalaza tu. Na ukiwa na fangasi miguuni vaa soksi kabla ya chupi, usije ukawabeba mpaka kwenye mapaja.

Fangasi wa miguu na choa, lile duara lenye ukingo mwekundu mkononi au shingoni, mara nyingi ni ndugu wa ukoo mmoja, na kwenye mieleka linahama ngozi kwa ngozi. Kanuni za mashule ya sekondari Marekani humtaka mwenye choa la mwili atibiwe angalau saa 72 kabla ya kurudi mkekani, na la kichwani siku 14. Si vibaya kuzifuata hata kwenye klabu ndogo. Malengelenge yaliyokusanyika pamoja au vidonda vya usaha vipelekwe hospitali kwanza. Na viatu haviazimwi, hata kwa dakika kumi.

Soli na fundi viatu

Soli ikianza kuteleza, ioshe kwanza. Ikiwa safi na bado inang'aa, pitisha msasa namba 220 kwa wepesi, mikwaruzo michache tu ya kuondoa mng'ao, kisha futa vumbi la mpira. Usimwagie soda wala maji ya sukari. Vitu vya kunata haviruhusiwi mashindanoni, na nje ya mashindano vinaokota kila uchafu na kuupaka kwenye mkeka. Mafuta na dawa ya viatu visiguse mpira kabisa.

Pua ikiachia, shughulikia mapema, mwanya ukiwa haujazidi sentimita moja. Supaglu haifai. Inakauka ikawa ngumu, na kiatu kikijikunja inavunjika na kuondoka na ngozi ya kitambaa. Inayotakiwa ni ile gundi ya njano ya mafundi viatu. Kwangua gundi ya zamani yote, paruza pande zote mbili kwa msasa, futa kwa spiriti, subiri ikauke. Paka utando mwembamba kila upande, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa isivutike kama uzi, ndipo ubane. Ukibana ikiwa mbichi haishiki, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Funga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli kwa saa 24.

Ukimpelekea fundi, sema kabla hajashika nyundo: "Fundi, naomba gundi tupu, usinigongee msumari, na usinishonee kuzunguka." Siyo kumdharau. Kwa kiatu cha ngozi cha kazini, kushona kuzunguka soli ni kazi nzuri. Kwa cha mieleka, uzi unatokeza chini ya soli nyembamba, unasagika kwenye mkeka, matundu yake yanapitisha jasho na soli inakakamaa. Msumari ndio umemaliza kabisa: kanuni za United World Wrestling, shirikisho la mieleka duniani, haziruhusu viatu vyenye kisigino kirefu, misumari, bizimu au chuma chochote, na mwamuzi anaweza kukuzuia kuingia. Kanuni hizohizo zinataka kamba zisifunguke wakati wa pambano, kwa hiyo kama huna kifuniko cha velkro utazizungushia plasta ya michezo. Toa plasta hiyo siku hiyohiyo. Ikilala na joto la Dodoma, gundi yake inahamia kwenye swedi na hutaitoa bila kuharibu rangi.

Ncha ya kamba ikichanika, ichovye kwenye rangi ya kucha, isokote kwa vidole, iache ikauke. Inapita matundu bila matatizo.

Ukinunua mtumba

Jozi nyingi zinapatikana kwenye mafungu ya Sabasaba au mnadani Msalato, zimechanganyika na raba, na wauzaji wengi huziita viatu vya ngumi. Kabla ya kupatana bei, kunja kiatu mpaka pua ikaribie kisigino, utazame mstari wa soli. Mpira ukionyesha nyufa nyembamba, umekauka. Bonyeza kisigino kwa vidole viwili kutoka nyuma: kikilala kama karatasi, kipande cha ndani kimevunjika, acha. Chungulia ndani na ukwangue kwa kucha. Sponji ikitoka unga, kiatu kimezeeka ghalani hata kama nje kinang'aa, na soli inaweza kuondoka nzima wiki ya kwanza. Jaribu ukiwa na soksi za mazoezini. Kinatakiwa kibane kisigino na kati ya unyayo, vidole viguse mbele bila kukunjwa.

Mfuo wa kwanza wa mtumba unafuata hatua zilezile, kisha ndani unafutwa kwa spiriti ya 70 mara mbili, vikikauka kati yake, na poda ya fangasi inawekwa kwa wiki mbili za mwanzo. Soli ya ndani ukiweza kuibadilisha, ibadilishe: kata nyingine kwa sponji nyembamba ya milimita mbili au tatu ukifuatisha ile ya zamani kwa kalamu. Ukiweka nene zaidi ya hapo unapoteza ule mguso wa mkeka, na kifundo cha mguu kinapanda juu ya mahali shingo ya kiatu ilipokusudiwa kukishika.